Kibuti cha Uongo

Jumapili, 3 Februari 2013
(kwa mkono wa Mama Ong wa hekaluni)

Narae,

Nahitaji mpenzi kabla mwezi haujaisha. Usicheke. Najua umeshacheka.

Sikiliza. Bwenini tuko kumi na moja, na kila mtu ana picha ya msichana ndani ya mlango wa kabati lake. Hata Bang, mwenye sura ya kiazi kilichosahaulika jikoni, anayo. Mlango wangu una ratiba ya usafi. Jana Sajini Cha kasimama mbele yake kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, akaniuliza mbona hakuna mtu. Nikasema sina. Akauliza, umekosa au hutaki? Wote wakanyamaza wasikie, na mimi nikachelewa kujibu, sekunde mbili hivi. Sekunde mbili hapa ni nyingi sana.

Kombania ya jirani kuna jamaa walimchukua Desemba. Walimkuta na barua za mwanaume. Sheria ya jeshi ina kifungu chake, jela mpaka miaka miwili, hata kama mambo yalitokea likizoni, chumbani kwako, mlango umefungwa. Tangu hapo kila mtu anampima mwenzake kwa utani.

Mimi na Seungu tulikubaliana siku ile stesheni: hatuandikiani hata neno mpaka wote wawili tumalize jeshi la lazima. Yeye yuko pwani ya kusini, mimi huku milimani naganda kama samaki wa sokoni, katikati uko wewe. Anakuandikia saluni, unaniambia. Hilo peke yake ni kubwa, na sasa naongeza la pili: niandikie kama mpenzi wangu. Barua za wasichana hapa zinasomwa kwa sauti, ndiyo mila, kwa hiyo weka chumvi. Tuma picha, ila siyo ile uliyonyoa nyusi. Barua za kweli mtumie Mama Ong, huyu anayetuletea keki za mchele hekaluni kila Jumapili. Nimemwambia ni mambo ya mapenzi. Kasema hataki kujua zaidi.

Mwambie Seungu nakula vizuri. Ni uongo, lakini mwambie.

Dogyeom


Alhamisi, 14 Februari 2013
(ya bwenini)

Dogyeom wa moyo wangu,

Leo nimemchoma mteja sikio kwa pasi ya nywele kwa sababu nilikuwa nakuwaza. Bosi kanifokea mbele ya watu. Nikamwambia, mama, mpenzi wangu analinda mpaka wa nchi, sikio moja ni kitu gani?

Nakutumia chokoleti, na barakoa za uso kumi na moja, moja kwa kila mwanaume wa bweni lenu, maana nasikia upepo wa huko unawageuza ngozi kuwa magome. Sajini Cha, najua wewe ndiye unayesoma hii kwa sauti, nakuomba unitunzie mtu wangu. Huyu akiwa na shida hasemi. Ananyamaza na kuangalia dirisha. Ukimwona hivyo mpe kitu ale.

Viatu vyangu vya mpira, vile vya msichana anayemsubiri askari wake, viko mlangoni, vimeelekea kwako. Havigeuki.

Narae wako peke yako


Alhamisi, 14 Februari 2013
(ya hekaluni)

We mjinga,

Nimepaka rangi ya midomo mara tatu ndipo busu la kwenye bahasha likatoka sawa. La kwanza lilikuwa kama ng'ombe kakanyaga. Unanidai? Hapana, mimi ndiye nakudai.

Seungu kaandika, ukurasa mmoja. Kapangiwa jikoni. Anamenya vitunguu vya watu mia mbili, anasema uzuri wake ni kwamba akilia hakuna anayeuliza. Nimecheka mpaka bosi kageuka. Anasema uvae soksi mbili mbili. Barua nimeichoma, kama tulivyokubaliana.

Narae


Jumapili, 10 Machi 2013
(kwa mkono wa Mama Ong)

Narae, umeniua.

Sajini Cha alisoma amesimama juu ya kitanda. Kwenye lile sikio la mteja watu walianguka chini. Usiku ule bweni zima limelala na barakoa usoni, kama maiti kumi na moja za kifalme, na asubuhi Luteni kaingia kukagua, kampapasa Bang shavu, kauliza mmefanywa nini nyie. Sasa mimi ni mtu. Wananiita shemeji, kana kwamba wewe ni dada yao. Koplo ambaye hajawahi kunisalimia kaniuliza nilikupataje. Nimemwambia nilikuja kunyoa ukanikata sikio.

Hakuna anayehesabu sekunde zangu tena. Hujui raha yake.

Ila wameanza kuuliza utakuja lini kunitembelea. Seungu je? Nieleze neno kwa neno, usifupishe.

Dogyeom


Jumapili, 21 Aprili 2013
(ya hekaluni)

Haya, nimekuja, nimeonekana, nimerudi. Mgongo unaniuma kwa lile basi. Kuku mlimmaliza dakika nne, niliangalia saa. Sajini wako kaninong'oneza kwamba ukinikosea atakupiga yeye mwenyewe. Mtu mzuri yule, halafu anatisha. Na wewe, ukimshika mtu mkono usimshike kama unapokea mzigo posta.

Seungu kaandika mara mbili mwezi huu. Neno kwa neno ulitaka, haya: "Kwangu pia wameanza kuuliza. Mwambie D. anifundishe alivyofanya. Au wewe Narae, huna rafiki wa kuniazima?" Nimecheka, kisha nikakaa nikafikiri. Siwezi kuwa mimi. Sura moja kwenye makabati mawili, siku wanajeshi wakikutana tumekwisha wote. Kuna Hwabun hapa saluni, anaweza, mdomo anao. Nitamwambia. Ila Hwabun anataka kujua kila kitu, na nikimweleza kila kitu basi mji mzima umejua. Unasemaje?

Narae


Jumapili, 19 Mei 2013
(kwa mkono wa Mama Ong)

Narae,

Hwabun hapana. Mwambie Seungu avumilie. Uongo huu unachosha kuliko alivyofikiri, unaamka nao, unakula nao. Jikoni hakuna anayesoma barua za mtu, atapita tu.

Kwangu nimepata wazo zuri, na wewe upumzike, maana Mama Ong kanong'ona kwamba ulimdokeza una mtu wa kweli sasa. Hongera, ulitaka kunificha mpaka lini? Wazo ni hili: nipige kibuti. Geuza viatu. Hapa askari aliyepigwa kibuti anaheshimiwa kama mjane. Kuna mmoja aliachwa Machi, mpaka leo hakuna anayemtajia msichana, wanamsukumia nyama kwenye sahani. Nikiachwa na wewe napata amani mpaka siku ya kutoka. Andika kikatili, kiwaume wote.

Dogyeom


Ijumaa, 7 Juni 2013
(ya bwenini)

Dogyeom,

Nimejaribu kusubiri. Wewe ni mtu mzuri, na mtu mzuri haachwi kwa kosa, anaachwa kwa umbali. Kuna mtu ananisindikiza nyumbani kila jioni, na jana niligundua kwamba nilikuwa namsubiri yeye.

Viatu nimevigeuza. Usinijibu.

Narae


Jumapili, 16 Juni 2013
(ya hekaluni)

Dogyeom,

Natumaini ile barua imefika na imefanya kazi.

Seungu hajambo. Kahamishwa kambi, hawezi kuandika kwa sasa. Usiwe na wasiwasi naye.

Vaa vizuri. Kula.

Narae


Jumapili, 23 Juni 2013
(kwa mkono wa Mama Ong)

Narae,

Barua gani ile, fupi kama risiti? Mwanaume wako mpya anakukataza wino?

Sikia vituko. Kibuti chako kimefanya kazi mpaka kimepitiliza. Sajini Cha alianza kusoma kwa mbwembwe, mstari wa pili akakatisha, akaikunja barua akaiweka mfukoni mwake. Bang kalia. Bang! Mimi nikatazama dirisha kama ulivyowafundisha, nikijibana nisicheke.

Kesho yake wakaniita ofisini. Kumbe kitabu cha jeshi kinasema askari aliyeachwa ni hatari, anaweza kujidhuru. Nimewekwa kwenye orodha ya kuangaliwa. Wamenitoa lindoni, bunduki yangu imefungiwa, natembea na fagio. Sajini Cha kahamishia kitanda chake pembeni ya changu. Nikienda chooni anasimama nje na kuimba ili nijue yupo, na hajui kuimba. Kila Jumatano naongea na mshauri, mama mmoja mpole, ananiuliza habari zako, namtungia. Nimemwambia ulikuwa unapenda mvua. Unapenda mvua?

Yaani nchi nzima inalinda moyo wangu usivunjike kwa ajili yako. Mwambie Seungu, atacheka mpaka vitunguu vimwagike. Mbona hajatuma hata neno? Hata kama kahamishwa, si kuna posta? Mwambie nimekasirika. Hapana, mwambie sijakasirika.

Dogyeom


Jumapili, 30 Juni 2013

Kaka Cha,

Najua bwenini kwenu jina langu sasa ni tusi. Sawa, nitukaneni.

Nakuandikia kwa jambo moja. Jumapili ijayo Dogyeom atapata habari kutoka kwangu, mbaya kuliko ile barua. Siwezi kukueleza ni nini. Ukipenda fikiri naolewa. Nakuomba asirudishiwe silaha wiki hiyo, na asiachwe peke yake, hata kama anafanya mzaha. Mzaha wake usiuamini. Na akinyamaza, muulize wazi, kwa maneno hayohayo: unafikiria kufa?

Mimi nilikuwa naogopa swali hilo, nadhani ukimuuliza mtu unampa wazo. Nikapiga simu ya msaada, ile ya watu wanaofikiria kujiua. Mama aliyepokea akaniambia swali halimpi mtu wazo. Mtu anakuwa nalo tayari, anasubiri wa kuliongea naye. Na akijibu ndiyo, usimwache peke yake hata dakika, mpeleke kwa anayeweza.

Kuna mtu mwingine sikumuuliza. Ndiyo maana nakuomba wewe.

Bok Narae


Jumapili, 30 Juni 2013
(ya hekaluni)

Dogyeom,

Kaa chini kwanza. Nimemwomba Mama Ong akae karibu nawe unaposoma. Hajui kwa nini.

Seungu amefariki. Tarehe kumi Juni, kambini kwao. Aliutoa uhai wake mwenyewe.

Barua yangu ya tarehe kumi na sita ilikuwa uongo. Nilijua tangu tarehe kumi na tatu. Dada yake alikuta anwani ya saluni kwenye bahasha tupu akaja mwenyewe, na viatu vya nyumbani miguuni. Alidhani mimi ndiye nilikuwa mpenzi wa mdogo wake, akaja kunipa pole. Nilimkumbatia, sikumwambia kitu. Sikujua ni haki ya nani kusema.

Alichoambiwa ni hiki. Mwezi Mei walikuta picha kwenye vitu vyake, ninyi wawili ufukweni. Wakamhoji siku tatu ni nani huyu. Hakukutaja. Kisha wakamrudisha jikoni kana kwamba hakuna kilichotokea, na watu wakaacha kukaa naye mezani. Kwenye fomu yake ya ukaguzi wa afya ya akili waliandika: hana mchumba, hana tatizo. Dada yake alinionyesha nakala. Nikaisoma mara nyingi. Wewe ulichukuliwa bunduki kwa ajili ya msichana ambaye hakuwepo, na yeye aliyekuwa anaumia kweli hakuna aliyemuimbia mlangoni.

Alijiombea mwenyewe, Dogyeom. Alisema niazime mtu. Nilidhani ni utani, nikaweka pembeni, nikaenda kula na mwanaume wangu. Hilo ni langu, usilibebe wewe.

Na usije ukajiambia kwamba alikufa ili akulinde. Alikuwa anaumwa, peke yake, na maumivu yalimdanganya kwamba hakuna njia nyingine. Ilikuwepo. Angeweza kufikishwa kwa mtu wa kumsaidia.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa ukiwa na silaha mkononi. Nilipokusoma unalalamika kwamba wanakulinda, nikaona ndio wakati. Nimelitumia vibaya jeshi lao, na wewe, na kibuti.

Nyuma ya karatasi hii nimeandika namba ya simu ya msaada. Wanapokea saa zote, hawaulizi jina la kambi. Mama Ong atakupa simu yake. Na kama huwezi kuniambia mimi, mwambie Sajini maneno mawili tu: siko salama. Mengine usieleze.

Niandikie kila Jumapili. Hata matusi. Matusi hasa.

Narae


Jumapili, 14 Julai 2013

Dada Narae,

Sikupendi, tuanze hapo. Lakini uliandika vizuri, na nimefanya ulivyosema, kwa hiyo nakupa ripoti.

Jumapili ile alirudi kutoka hekaluni na mvua yote mwilini, keki ya mchele mkononi. Hakuila, hakuiweka. Nikakumbuka barua yako ya zamani, akinyamaza apewe chakula. Nikampa. Hakula. Hakutania mtu. Bang akamrushia neno la kumchokoza, akamjibu asante.

Jumatatu mchana tulikuwa stoo tunapanga majembe. Nikamuuliza kama ulivyoandika, neno kwa neno. Niliogopa kuliko siku ya kwanza kushika bunduki. Akaendelea kupanga majembe mawili matatu, kisha akasema, "Ndiyo, afande. Kila saa."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Yote ikapotea. Nikamwambia, "Basi twende wote," nikamshika mkono wa shati, nikampeleka kwa mshauri, na kutoka hapo hospitali. Luteni alisema nimtume koplo amsindikize. Nikakataa. Ni mara yangu ya kwanza kumkatalia Luteni.

Ndani ya gari alilia, akawa anataja jina. Halikuwa lako. Alilitaja mpaka dereva akanigeukia. Nikamwambia dereva ni jina la kijiji cha yule msichana. Kwenye ripoti nimeandika: anamlilia mchumba wake Narae. Sijauliza kitu, na wewe usinijibu kitu. Nimebakiza wiki tano nitoke, nataka kutoka bila kujua.

Ila kuna jambo linanikera. Mwezi wa pili mimi ndiye niliyesimama mbele ya kabati lake nikamuuliza mbona hakuna picha, umekosa au hutaki. Nilidhani nachekesha. Ukipata nafasi mwambie hilo nalikumbuka.

Yuko hai. Jana kala nusu sahani.

Sajini Cha Mugyeol


Jumapili, 21 Julai 2013
(hospitalini, kwa mkono wa Mama Ong, aliyekuja kwa mabasi mawili)

Narae,

Ulitaka matusi. Sina nguvu ya matusi.

Nilisema avumilie. Wewe uliweka pembeni, mimi nilisema hapana. Barua yangu ya Mei uliichoma? Ile sentensi naiona kwenye dari. Nilikuwa nimeshapata amani yangu, nikamwambia mwenzangu avumilie. Umeniandikia nisilibebe, na barua hiyo hukuitaja kabisa, kana kwamba nimesahau nilichoandika kwa mkono wangu.

Na wewe sijakusamehe. Kuanzia siku uliyojua mpaka siku niliyojua mimi ni siku ishirini na nne. Nilifagia, nikacheka, nikamtungia mshauri hadithi za mvua. Nilikuandikia umwambie atacheka. Najua pia kwamba ungeniambia siku ile ya kwanza, bunduki bado iko mikononi mwangu, leo pasingekuwa na mtu wa kukuandikia. Yote mawili ni kweli, na nikijaribu kuyaweka pamoja kichwa kinauma, daktari kasema niyaache mbalimbali kwa sasa.

Ile namba nimepiga. Alipokea mwanaume, sauti ya kizee kidogo. Nilikaa kimya muda mrefu, hakukata. Kisha nikasema jina la Seungu, na nikasema alikuwa nani kwangu, kwa neno lenyewe. Sijawahi kulisema kwa mtu nisiyemjua. Akasema, "Pole sana kwa kufiwa na mpenzi wako." Narae, hakuna mtu mwingine aliyenipa pole hiyo. Wote wananipa pole ya kuachwa na wewe.

Tarehe ishirini na nane ni siku yake ya arobaini na tisa, ile ya kumuaga marehemu hekaluni. Dada yake kamwomba mtawa ibada ndogo, watu wachache. Mimi si ndugu, kwa hiyo ruhusa ya msiba sina. Lakini Sajini Cha kazungusha karatasi zake huko ofisini, daktari kakubali, mradi nisiwe peke yangu hata hatua moja, na nimepewa siku tatu. Sababu ya ruhusa imeandikwa: kupoza moyo baada ya kuachwa na mchumba. Mchumba mwenyewe ndiye mtu aliyeandikwa kunipokea. Mshauri kaona ni ajabu, akatia saini.

Dada yake nitamwambia mimi mwenyewe, baada ya ibada, kama nitaweza. Usinitangulie.

Kila asubuhi nesi hapa ananiuliza lile swali la Sajini. Haogopi kuuliza, kama anauliza umelala vipi. Siku za mwanzo nilijibu ndiyo hata kabla hajamaliza. Leo nimefikiri kidogo, nikamwambia ndiyo, ila si sana kama jana. Akaandika, akanisogezea uji. Nimekunywa.

Jumamosi basi linafika saa saba mchana, Mama Ong atanisindikiza mpaka kwako. Simama pale nitakapokuona kabla sijashuka. Usiongee kitu mpaka niongee mimi.

Dogyeom